Tuigawe Kwanza, Ndipo Tuisome



  Mwaka huu katika ukurasa huu hatutazungumzia ada wala mahudhurio, ingawa yote mawili yana maneno yake. Tutazungumzia namba, na tutaanza na kosa letu wenyewe walimu.

Katika mwezi wa Shaaban ililetwa hapa madrasani karatasi iliyookotwa gulioni. Ilikuwa kopi ya kopi, maandishi yamefifia, haina jina la aliyeiandika. Ilisema kwamba ukiunganisha hesabu za aya kwa mpangilio fulani unapata namba moja ndefu yenye tarakimu 22, na kwamba namba hiyo inagawanyika kwa 19 bila baki, na huo ni muujiza. Mwishoni iliahidi kheri kwa atakayetoa kopi kumi na balaa kwa atakayeificha. Hatutaiandika namba hiyo hapa, isije ukurasa huu nao ukakatwa ukaanza kuzungushwa.

Sisi walimu tuliipenda. Baada ya swala ya Maghrib tuliisoma mbele ya wanafunzi na baadhi ya wazazi, na takbira zikatolewa. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele, anayesoma darasa la sita shuleni, akanyoosha mkono akauliza, "Ustadh, mmeigawa?" Tukamwambia akae chini, na kwamba kuna mambo hayaulizwi.

Kesho yake alikuja na daftari. Alikuwa ameigawa namba yote, tarakimu baada ya tarakimu, ukurasa mzima kwa penseli. Baki yake ilikuwa 7. Tukaigawa wenyewe ubaoni, mmoja wetu akaanza upya peke yake bila kumtazama mwenzake. Baki ikawa 7 tena. Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya watu wale wale tukasema: tuliyowasomea si kweli, na kijana huyu alikuwa na haki ya kuuliza.

Wazazi wengine walifurahi. Wengine, na tunawaheshimu, walitujia wakasema tumewavunja watoto imani, na kwamba sasa kila mtoto atabishana na mwalimu. Makala haya ni jibu letu kwao. Tunaona kinyume chake: kilichohatarisha imani ya watoto ni kuining'iniza kwenye namba ambayo hakuna aliyeipima. Qur'ani ilikuwapo kabla ya karatasi ile na itabaki baada yake.

KADHI ALIYEKUWA NA SHAKA

Kupima namba si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 681 Hijria (1282 Miladia), alikuwa kadhi wa Damascus na mwandishi wa kamusi mashuhuri ya wasifu wa watu. Katika kamusi hiyo anasimulia kisa cha sataranji, mchezo unaochezwa kwenye ubao wenye nyumba 64. Wanafunzi wetu wanaujua mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64. Basi wafikirie kete zile zote zimegeuka nyumba.

Kisa chenyewe kinasema mfalme wa Bara Hindi alifurahishwa sana na mtu aliyebuni sataranji, akamwambia aombe atakacho. Yule mtu akaomba nafaka: punje moja kwenye nyumba ya kwanza, mbili kwenye ya pili, nne kwenye ya tatu, nane kwenye ya nne, na kuendelea kuzidisha kwa mbili mpaka nyumba ya 64. Mfalme akaona ombi ni dogo mno, hata la kumdharau. Makarani wakapiga hesabu, wakarudi kumwambia kwamba nafaka ya dunia nzima haitoshi.

Ibn Khallikan aliposikia hayo hakuamini. Hakuona haya kuandika kwamba alikuwa na shaka. Mpaka alipokutana na karani mmoja wa hesabu wa Iskandaria, ambaye alimwekea hesabu mbele ya macho. Karani alizidisha mpaka nyumba ya 16, akapata punje 32,768, akazifanya kuwa kipimo kimoja. Kutoka kipimo akapanda mpaka ghala, na ghala moja likawa ni nyumba ya 40. Nyumba ya 50 ikawa maghala 1,024, akaufanya kuwa mji mmoja wenye maghala. Nyumba ya 64 ikawa miji 16,384 ya namna hiyo. Hapo kadhi akakubali.

Tafadhali mtazame adabu ya kisa hiki. Kadhi mkubwa hakusema "hawa wamesema, basi." Na karani wa hesabu hakumwambia kadhi "nyamaza uamini." Alimwonyesha, hatua kwa hatua. Sisi tulimwambia mtoto akae chini.

NAMBA YENYEWE

Zaidi ya miaka 200 kabla ya Ibn Khallikan, mwanachuoni mkubwa Abu Rayhan al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm, aliishughulikia hesabu hiyo hiyo katika kitabu chake cha kalenda za mataifa, al-Athar al-Baqiya, alichokiandika karibu na mwaka 1000 Miladia. Jumla ya punje zote katika nyumba 64 ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Ina tarakimu 20. Tuliwaandikia wanafunzi ubaoni, nao wakacheka kwa sababu hakuna aliyeweza kuisoma kwa pumzi moja. Tukawaletea mchele. Gramu moja ya mchele ina punje kama 40. Kwa kadirio hilo, nyumba ya 16 ni chini kidogo ya kilo moja. Nyumba ya 23 peke yake ni gunia la kilo 100 na ushee. Nyumba ya 33 inapita magunia 1,000, na nyumba ya 43 inapita magunia milioni moja. Jumla yote inafika karibu tani bilioni 460. Dunia nzima kwa miaka hii huvuna mchele wa tani milioni 500 na kitu kwa mwaka, kwa hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 800 kulipa deni la mfalme yule.

Lakini ukubwa ndilo jambo dogo katika namba hii. Lililo kubwa ni kwamba inapimika, na kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kuipima.

Kwanza, inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Pili, jumlisha tarakimu zake zote: utapata 87. Nambari 87 inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9, basi na namba yetu ni hivyo hivyo. Wanahesabu wa Kiislamu wa zamani waliutumia sana mtihani wa 9 kupima kama hesabu imekosewa, wakauita mizani. Jina zuri, kwani ni kama mizani ya dukani: haimtazami mnunuzi usoni.

Tatu, na hapa tunaomba wanafunzi wachukue kalamu. Al-Biruni hakuongeza mara mbili nyumba moja moja mpaka mwisho. Alitumia njia ya mkato. Alichukua 16, akaizidisha kwa yenyewe akapata 256. Akaizidisha 256 kwa yenyewe akapata 65,536. Hiyo nayo kwa yenyewe ikawa 4,294,967,296. Na hiyo kwa yenyewe ikawa namba ya tarakimu 20 inayoishia na 616. Toa moja, unapata jumla ya punje. Hatua nne tu.

Sasa angalia. 16 mara 16 ni 256. Punguza moja, unabaki na 255. Na 15 mara 17 ni ngapi? Ni 255 vile vile. Jaribu na 10: 10 mara 10 kutoa moja ni 99, na 9 mara 11 ni 99. Ni kanuni isiyovunjika: namba yoyote ukiizidisha kwa yenyewe na kutoa moja, ni sawa na kuzidisha jirani yake wa chini na jirani yake wa juu. Kwa kanuni hiyo namba yetu inafunguka yenyewe kama shina la mgomba, ganda baada ya ganda:

3 x 5 = 15
15 x 17 = 255
255 x 257 = 65,535
65,535 x 65,537 = 4,294,967,295
4,294,967,295 x 4,294,967,297 = 18,446,744,073,709,551,615

Kwa hiyo bila kugawa hata mara moja tunajua kwamba jumla ya punje inagawanyika kwa 3, kwa 5, kwa 17, kwa 257 na kwa 65,537. Zote hizo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Imebaki ya mwisho, 4,294,967,297. Je, nayo ni tasa?

HATA BINGWA HUPIMWA

Swali hilo lina historia. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat, mmoja wa mabingwa wakubwa wa sifa za namba, aliziangalia namba hizi 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni tasa. Akaamini kwamba zinazofuata katika mfuatano huo nazo zote zitakuwa tasa. Alikuwa bingwa wa kweli, na mifano mitano ilikuwa upande wake. Nani angembishia?

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, aliipima. Akaonyesha kwamba:

641 x 6,700,417 = 4,294,967,297

Namba haikuwa tasa. Ilikuwa na mlango mdogo wa 641 ambao Fermat hakuuona. Wanafunzi wetu wa darasa kubwa waligawa 4,294,967,297 kwa 641 ubaoni kwa muda usiofika robo saa, baki ikawa sifuri, na ukumbi ukapiga makofi. Heshima ya Fermat haikuanguka kwa kosa hilo. Mpaka leo anasomwa. Lakini dai lake lilianguka, kwa sababu namba haijui ukubwa wa mtu. Ikiwa bingwa kama yeye alipimwa, karatasi isiyo na jina kutoka gulioni ni nini hata isipimwe?

Hata elimu yetu wenyewe ndivyo ilivyojengwa. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea maneno kwa sababu ni matamu. Waliuliza nani kakusimulia, naye alisikia kwa nani, na alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu? Sura ya 49, al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi. Wanafunzi wetu wanaihifadhi aya hiyo. Siku ile ya Shaaban ni mmoja wao aliyeifanyia kazi, na sisi walimu tukaisahau.

KUHUSU 19

Tunajua watu wataendelea kuleta karatasi na ujumbe wa simu kuhusu 19, kwa hiyo tuwape wanafunzi silaha mbili.

Silaha ya kwanza ni ya mkono. Kutaka kujua kama namba inagawanyika kwa 19, ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa mbili, kisha iongeze kwenye namba iliyobaki. Rudia mpaka upate namba ndogo. Chukua 2014: toa 4, ibaki 201, ongeza 8, upate 209. Toa 9, ibaki 20, ongeza 18, upate 38. Nambari 38 ni 19 mara mbili, basi 2014 inagawanyika. Jumla ya punje zetu je? Ukiigawa kwa 19 inabaki 16. Mfanye nyumbani muone.

Silaha ya pili ni ya akili. Katika kila namba 19 zinazofuatana, moja lazima igawanyike kwa 19. Basi mtu akijaribu njia 40 za kuunganisha hesabu za sura, aya na herufi, atarajie kupata kama mbili zinazogawanyika, hata kama angetumia namba za tiketi za basi. Akikuonyesha hizo mbili akakuficha 38, hajakuonyesha muujiza. Kila ukioneshwa iliyokubali, uliza zilizokataa ziko wapi.

Na jambo hili si mchezo wa watoto. Mtu aliyelitangaza zaidi dai la 19, kuanzia miaka ya 1970, alikuwa Rashad Khalifa, Mmisri aliyehamia Marekani. Hesabu zake zilipokataa kukaa sawa, hakusema hesabu ina kasoro. Alisema aya mbili za mwisho za Surat at-Tawba si sehemu ya Qur'ani. Alianza kwa kutaka namba iishuhudie Qur'ani, akaishia kuikata Qur'ani ili itoshe kwenye namba. Mzazi anayesema kupima namba ni kuvunja imani na alifikirie hilo: njia isiyopimwa ndiyo iliyofika huko.

HESABU NI KAZI YETU

Wako wanaosema haya yote ni elimu ya shule, madrasa ibaki na lauhu na juzuu. Sisi hatukubali. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa dunia neno aljebra, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi. Haikuwa bahati mbaya. Tuangalie mfano mmoja wa hapa hapa Magoma.

Mtu amefariki akaacha mke, mama na watoto wa kiume watatu. Mke ana thumni, mama ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto. Tunatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6, tunapata 24. Mke 3, mama 4, watoto 17. Sasa magunia 24 ya mahindi yamo stoo. Watoto watatu watagawanaje magunia 17? Kila mmoja 5, na mawili yanabaki, na ugomvi huanzia kwenye mawili hayo. Nambari 17 ni tasa; haitakubali kugawanyika kwa 3 hata ukiisihi. Ajuaye sifa za namba anaijua dawa: zidisha 24 kwa 3 upate mafungu 72. Mke 9, mama 12, watoto 51, kila mmoja 17. Hakuna baki, hakuna kinyongo. Ni 17 ile ile tuliyoikuta ndani ya punje za al-Biruni, na leo imesimama kati ya ndugu watatu kwenye stoo ya mahindi.

Tumewahi kuona familia zikigombana si kwa sababu mtu alitaka dhuluma, bali kwa sababu aliyeitwa kugawa hakujua kugawa. Haki ya mjane ni sehemu, na sehemu ni hesabu. Asiyejali hesabu atawezaje kusema anaijali haki hiyo?

TUNACHOOMBA

Kwanza, tumekubaliana sisi walimu kwamba katika madrasa yetu hakuna namba itakayosomwa mbele ya wanafunzi kabla haijapimwa ubaoni, na apimaye awe mwanafunzi. Pili, kila Jumamosi tutatenga nusu saa ya hesabu za mirathi, zaka na sifa za namba, kwa wavulana na wasichana sawa. Wazazi wanaofanya kazi za mizani na vitabu vya hesabu, kwenye mkonge, madukani au sokoni, tunawaomba waje wafundishe. Kadhi wa Damascus alifundishwa na karani. Sisi ni nani tukatae? Tatu, mtoto akiuliza "mmeigawa?" asiambiwe akae chini. Ajibiwe, au aambiwe, "Bado, njoo tuigawe pamoja."

Na kwako kijana wetu mwenye daftari, hatukutaji jina kwa kuwa hatutaki uvimbe kichwa. Daftari lako tumelihifadhi kabatini, pamoja na karatasi ile ya gulioni. Tulikukosea, tunakuomba radhi mbele ya wote wanaosoma jarida hili. Endelea kuuliza, na uulize kwa adabu kama ulivyofanya siku ile.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, sisi na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.